Kinoleo cha Mifereji, Ufito wa Chuma na Jiwe la Dukani: Kipi Kinakifaa Kisu cha Jikoni?

Nyumbani kwetu kisu hupimwa kwa kachumbari. Kikiwa na makali, nyanya iliyoiva hutoka vipande vyembamba visivyomwaga mbegu, na kitunguu hutoka pete nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kikiwa butu, nyanya hubonyea kabla ngozi yake haijakubali kukatika, na kitunguu humliza mkataji kupita kawaida kwa sababu kimepondwa badala ya kukatwa, na kule kupondwa ndiko kunakoachia kwa wingi yale yanayowasha macho. Mwaka jana tulifikia hali ya aibu, ambapo visu vyote vitano vya jikoni vilikuwa vya namna hiyo ya pili. Mama mkwe, aliyekuja Dar es Salaam kutusalimu akitokea Tanga, alijaribu nyanya moja, akajaribu ya pili, kisha akakiweka kisu chini na kuniuliza kwa upole, “Mwanangu, hiki ni kisu au ni mwiko?” Jibu sikuwa nalo, na kisu kingine cha kumpa sikuwa nacho.

Tathmini hii imetokana na swali hilo. Kwa muda wa miezi minane nimevitumia vifaa vitatu vya kunolea ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata mjini bila kuagiza nje ya nchi: kinoleo kidogo cha plastiki chenye mifereji ambamo kisu huburutwa, ufito wa chuma wa aina wanayotumia wauza nyama, na jiwe la kunolea lenye pande mbili linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Visu vilivyojaribiwa ni vilevile vya nyumbani, yaani kimoja cha Victorinox chenye urefu wa sentimita 20 tulichozawadiwa siku ya harusi, viwili vyepesi visivyo na jina vilivyonunuliwa kwa machinga, kidogo cha kumenyea, na kimoja cha mkate chenye meno, ambacho nakitaja hapa na kukiacha papo hapo kwa kuwa kisu chenye meno hakinoleki ipasavyo kwa kifaa chochote kati ya hivi vitatu. Nilikuwa natafuta njia rahisi, lakini kadiri miezi ilivyopita nilijikuta nalazimika kuamua urahisi wenyewe unapimwa siku ya kununua au miezi sita baadaye, maana majibu ya vipimo hivyo viwili hayakulingana.

Kabla ya hapo visu vyetu vilikuwa vya fundi wa baiskeli. Wakazi wa Dar es Salaam wanamjua: huja asubuhi akisukuma baiskeli yake, huisimamisha kwa stendi, huunganisha mkanda kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye jiwe dogo la duara, kisha hukanyaga pedali na cheche zikaanza kuruka mbele ya watoto waliokusanyika kutazama. Kwa panga na shoka la kupasulia mifupa simwachi fundi huyu, na katika siku za kuelekea Idi ya kuchinja, ambapo mafundisho ya dini yenyewe yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili asimtese mnyama, kazi yake haina mbadala. Kwa kisu chembamba cha jikoni, hata hivyo, jiwe linalozunguka kwa kasi lina kasoro mbili: linakula chuma kingi kwa sekunde chache, na linaupasha moto ukingo ambao hauna unene wa kulihimili joto hilo. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, joto limeshafika karibu nyuzi 300 za sentigredi, na chuma cha sehemu hiyo kimepoteza ugumu wake hata kama kwa macho kinameta. Fundi makini hukichovya kisu ndani ya maji kila baada ya kukipitisha mara moja au mbili. Aliyekuwa akipita mtaani kwetu alikuwa na kopo la maji, ila mara nyingi lilikuwa tupu.

Nilianza na kinoleo cha mifereji kwa sababu ndicho kinachojiuza chenyewe. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000, kikiwa ndani ya boksi lenye picha ya nyanya iliyokatwa kwa ustadi mkubwa. Kina mifereji miwili: wa kwanza una vipande viwili vya tangsteni kabaidi vilivyopishana mfano wa herufi V, na wa pili una vijiti vyeupe vya kauri. Matumizi yake hayahitaji kufundishwa na mtu. Unakishika kwa mkono mmoja juu ya meza, unaingiza kisu kuanzia upande wa mpini, unakivuta kuelekea kwako mara tano au sita katika mfereji wa kwanza na mara chache katika wa pili, na kazi imekwisha kabla mafuta hayajapata moto kwenye kikaango. Siku ile ya kwanza nyanya ilikatika yenyewe, nami nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Kwa wepesi wa matumizi, vifaa vingine viwili havikikaribii.

Siku ya nne makali yalikuwa yamepungua, na kufikia mwisho wa wiki kisu kilikuwa kimerudi kwenye mfereji. Sababu niliiona nilipoazima lenzi ya mwanangu ya shuleni na kuutazama ukingo chini ya taa. Tangsteni kabaidi ni ngumu kuliko chuma cha kisu kwa mbali sana, na ndani ya mfereji haisagi taratibu bali inakwangua, kama seremala anavyokwangua ubao kwa kipande cha kioo; kinachobaki ni ukingo wenye mikwaruzo na vijino visivyolingana. Vijino hivyo ndivyo vinavyoipasua ngozi ya nyanya siku ya kwanza, kwa sababu vinafanya kazi ya msumeno, na ni vijino hivyohivyo vinavyovunjika au kulala pindi vinapokutana na kibao. Vile vijinyuzi vinavyometa mezani baada ya kunoa, ambavyo sumaku ya kubandika kwenye friji inaviokota, ni kisu chako kinachoondoka kidogo kidogo.

Hasara kubwa zaidi ilijitokeza mwezi wa tatu, tena kwenye kile kisu cha harusi. Mwanzoni nilidhani ni mkono wangu unaokata vibaya. Majani ya vitunguu niliyokuwa nikiyakatia supu yalitoka yameshikana, kila kipande kimeungana na mwenzake kwa uzi mwembamba upande wa chini, hivi kwamba ukinyanyua kimoja vinafuatana vyote kama shanga. Nilikisimamisha kisu kwa makali yake juu ya kioo cha meza, nikawasha tochi ya simu upande wa pili, na mwanga ukapenya chini ya kisu katika sehemu iliyo karibu na mpini, upenyo wa kama unene wa kadi ya benki. Kwa kuwa kila mara nilikuwa naanza kwa kukandamiza palepale, kinoleo kilikuwa kimechimba bonde ambalo haliwezi tena kukifikia kibao, hata kisu kikiwa na makali ya wembe.

Sisemi kwamba kifaa hiki hakifai kabisa. Kwa vile visu viwili vya machinga, ambavyo chuma chake ni laini na bei yake haimtoi mtu machozi, sina ugomvi nacho. Na kwa mzee ambaye mikono yake inatetemeka, au kwa nyumba ambayo hakuna atakayekaa chini robo saa kwa ajili ya kisu, ningekinunua bila kusita, kisha ningeagiza kwamba mfereji wa kauri utumike mara kwa mara na ule wa kabaidi mara mbili tu kwa mwaka, tena kwa mkono mwepesi. Ikumbukwe pia kwamba pembe ya kunolea imeshaamuliwa kiwandani, na kisu kitalazimika kuifuata kipende kisipende. Kisu chenye thamani sikiingizi tena humo.

Ufito wa chuma ulinigharimu shilingi 15,000, na hapa ndipo watu wengi, nikiwemo mimi, tunapokosea jina la kazi. Tumezoea kumwona muuza nyama akikipigisha kisu kwenye ufito mara nne au tano kabla ya kukata kilo ya mteja, tukaamini kwamba ananoa, ilhali anachofanya zaidi ni kunyoosha. Ukingo wa kisu kilichonolewa ni mwembamba mno, na katika visu ambavyo chuma chake si kigumu sana, kama hicho cha Victorinox ambacho ugumu wake ni takriban 55 hadi 56 katika kipimo cha Rockwell, ukingo huo hujipinda pembeni kabla haujalika. Kisu huonekana butu ilhali makali yapo, yamelala tu. Ufito huyasimamisha, na ile mistari iliyochongwa kwenye urefu wake hukwangua kidogo pia, lakini si kwa kiasi cha kuzaa makali mapya. Ndiyo maana hufanya maajabu kwa kisu kilichonolewa wiki iliyopita, na haufanyi lolote kwa kisu kilichokaa mwaka mzima bila kuonja jiwe. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa kutolijua hilo, nikisugua kila jioni hadi jirani akaniuliza kama nimefungua bucha.

Mwenye kuununua asiige kasi ya muuza nyama, ambaye ameifanya kazi hiyo maelfu ya mara. Ni salama zaidi kuusimamisha ufito wima, ncha yake ikiwa imekita juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani, kisha kukishusha kisu taratibu huku ukikivuta, kuanzia shina hadi ncha, upande mmoja na kisha mwingine, mara nne kila upande, kwa nguvu isiyozidi sana uzito wa kisu chenyewe. Visu vigumu vya Kijapani, vile ambavyo kipimo chake cha Rockwell hupita 60, havitakiwi kuguswa na ufito huu, kwa kuwa ukingo wake haujipindi bali humeguka vijipande.

Sasa jiwe, ambalo ndilo lililonichukulia muda mwingi kuliko vingine vyote. Nililikuta katika duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya misumari na makopo ya rangi: kipande cha kijivu chenye urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita mbili na nusu, upande mmoja ukiwa na chembe kubwa na mwingine chembe ndogo, bei yake shilingi 7,000 na boksi lake halina picha ya nyanya. Muuzaji aliniuliza kama nina patasi za kunoa, maana wateja wake wa bidhaa hiyo ni maseremala. Mawe ya aina hii hutengenezwa kwa silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata mwaka 1891 alipokuwa akihangaika kutengeneza almasi bandia, akapewa hataza yake mwaka 1893. Almasi hakuipata, lakini alichokipata kinazidiwa ugumu na almasi na vitu vichache tu, na leo ndicho kilichomo katika msasa mweusi wa mafundi wa magari. Bibi yangu alinoa kwa kusugua kisu kwenye ngazi ya saruji nyuma ya jiko, na kilichokuwa kikifanya kazi pale ni punje za mchanga zilizomo ndani ya saruji. Kanuni ni ileile. Kinachotofautiana ni ukubwa wa punje na jinsi zinavyolingana.

Ukubwa huo hutajwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa. Jiwe la chini ya 400 ni la kurekebisha kisu kilichomeguka au kilichopoteza umbo, la karibu 1000 ndilo la kunolea kisu cha kawaida, na kuanzia 3000 kwenda juu ni la kung'arisha. Jiwe langu halikuandikwa namba yoyote, jambo ambalo naliona kuwa kasoro yake ya kwanza; nilipolinganisha mikwaruzo yake na ya karatasi za msasa, upande wa chembe ndogo ulikaribiana na msasa wa namba 240. Kwa maneno mengine, peke yake linatoa makali yenye kukwaruza, yanayofaa nyama na mboga za majani lakini yasiyofikia kipimo cha mama mkwe. Dawa yake ni msasa wa maji wa namba 1000, ambao wapaka rangi magari huutumia, na ambao karatasi yake moja haikunifikisha shilingi 2,000. Unaulowesha, unaulaza juu ya kipande cha kigae kilichobaki wakati wa ujenzi, na unamalizia hapo kwa kukivuta kisu mgongo ukiwa umetangulia, kwani ukitanguliza makali utaikata karatasi vipande viwili, kama nilivyoikata ya kwanza.

Kosa langu jingine lilikuwa la mafuta. Niliwahi kusikia kwamba jiwe hutiwa mafuta, nami nikachukua yaliyokuwa karibu, yaani ya alizeti. Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka kuwa kama utomvu, na baada ya wiki mbili uso wa jiwe ulikuwa unateleza, kisu kikipita juu yake bila kuuma. Nililiokoa kwa kulisugua kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, kisha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, kazi iliyonichukua Jumamosi nzima na kuacha harufu ambayo familia bado inaikumbuka. Tangu hapo natumia maji yenye tone la sabuni. Anayependa mafuta na atumie yale mepesi ya cherehani, ila ajue kwamba jiwe lililoonja mafuta halirudi kwenye maji kirahisi.

Kazi yenyewe huanza kwa kulaza kitambaa kilicholoa chini ya jiwe ili lisihame, na baada ya hapo shughuli yote inabaki kwenye pembe. Visu vingi vya Kizungu hunolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, na vya Kijapani kwa nyuzi 15. Hakuna anayeweza kuziona nyuzi 20 kwa macho, lakini mgongo wa kisu unaonekana: kwa kisu chenye upana wa sentimita 4 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, nyuzi 20 ni kuuinua mgongo milimita 14 hivi juu ya jiwe, na nyuzi 15 ni kuuinua milimita 10. Mimi huweka ncha ya kidole changu cha mwisho chini ya mgongo, nikaupumzisha hapo, kisha nikakiondoa kidole na kuuacha mkono ukumbuke. Kwa wanaoanza ipo hila nzuri zaidi, nayo ni kupaka mteremko wa makali kwa wino wa maka peni, kupitisha kisu juu ya jiwe mara tatu, na kutazama. Wino ukiwa umeondoka upande wa juu tu, mbali na ukingo, umekilaza kisu kupita kiasi. Ukiwa umeondoka kwenye ukingo wenyewe peke yake, umekiinua kupita kiasi. Ukiwa umeondoka wote, usibadilishe kitu. Jioni moja ya wino ilinifaa kuliko video zote nilizokuwa nimezitazama.

Mkono wa kulia hushika mpini, na vidole viwili au vitatu vya kushoto hukaa juu ya bapa la kisu, karibu na makali bila kuyavuka, kwa sababu ni mahali vidole vilipo ndipo jiwe linapokula. Kisu husukumwa na kurudishwa, vidole vikihama polepole kutoka shina kuelekea ncha, na karibu na ncha mpini huinuliwa kidogo ili kufuata mzingo wa kisu. Baada ya siku chache masikio nayo huanza kusaidia: pembe ikikaa sawa sauti ni moja na haina haraka, mfano wa mtu anayefagia uwanja, na ikipotea hubadilika na kuwa mkwaruzo unaosisimua meno. Tope jeusi litatokea juu ya jiwe, nalo ni chuma kilichosagika pamoja na chembe za jiwe lenyewe, kwa hiyo kisu kioshwe vizuri kabla hakijagusa chakula.

Baada ya dakika tano hivi, pitisha kidole gumba kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Kwenye upande ule ambao haukuwa ukigusa jiwe utahisi unyuzi wa chuma uliojikunja, mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni, ila ngozi ya kidole inanasa juu yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba jiwe limefika hadi kwenye ukingo wenyewe. Unyuzi huo usipokuwepo kuanzia shina hadi ncha, kisu kisigeuzwe, na naamini hapa ndipo wengi hulitupa jiwe na kurudi kwenye mfereji: hugeuza mapema, wakanoa upande wa pili nao nusunusu, wakapata kisu kilichochakaa pande zote mbili na bado hakikati. Ukishaupata upande wa kwanza, unageuza hadi urudi upande wa pili, kisha unapunguza nguvu na kupitisha mara mojamoja kila upande, unakwenda kwenye msasa, na mwisho unakipangusa kisu kwenye mkanda wa ngozi wa zamani au kwenye mguu wa suruali ya jinzi uliokatwa na kutandazwa mezani, mgongo ukitangulia, ili unyuzi uliobaki udondoke.

Mara ya kwanza nilitumia dakika 40 kwa kisu kimoja na kiuno kikaniuma. Sasa natumia dakika 15, nikiwa nimekaa. Kisu cha harusi kilihitaji jioni mbili za upande wa chembe kubwa ili lile bonde liishe, na kimepungua upana kwa hilo, lakini kinagusa kibao kote. Kilipotoka hapo kilikata ukurasa wa gazeti kutoka juu hadi chini bila kunasa, na kikaendelea kukata nyanya kwa wiki tano kabla sijalirudia jiwe, nikikipitisha kwenye ufito kila baada ya siku mbili au tatu. Visu vya machinga havikufika wiki mbili, jambo ambalo si kosa la jiwe.

Shemeji yangu, alipoona nimeshikwa na ugonjwa huu, alituletea kutoka safarini jiwe la Kijapani la King, lenye upande wa 1000 na upande wa 6000. Ni jiwe zuri zaidi kwa kila hali, linalokunywa maji na kuteleza chini ya kisu kwa namna ambayo lile la kijivu halitaijua kamwe, lakini ni laini, linalika katikati, na hulazimu kusawazishwa mara kwa mara. Upande wa 6000 hung'arisha makali yakawa kama kioo, na kwa kuchuna minofu ya samaki ni raha tupu. Kwa nyanya, hata hivyo, kwenye chuma laini cha kisu chetu, naona makali ya 1000 yanaishika ngozi vizuri zaidi. Kwa hiyo simwambii mtu ahangaike kuliagiza.

Anayekwama ugenini na kisu butu na ageuze kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyo na rangi ya kung'aa hunoa kiasi cha kuokoa mlo. Na anayetaka kunoa mara chache aangalie anakatia wapi, kwani sahani, kaunta ya mawe na kibao cha kioo huua makali kwa siku moja, ilhali mbao na plastiki huyavumilia. Magamba ya samaki yaparuliwe kwa mgongo wa kisu, na kisu kisitupwe ndani ya beseni pamoja na masufuria.

Kwa gharama, jiwe, karatasi ya msasa na ufito havikufika shilingi 25,000 kwa pamoja, dhidi ya 12,000 za kinoleo cha mifereji. Mwenye fedha ya kifaa kimoja tu ningemshauri anunue jiwe, na ufito aufikirie mwezi unaofuata. Kinoleo cha mifereji nakipa nafasi ya tatu, na nafasi hiyo nimeipima kwa hali ya kisu changu mwezi wa tatu, si kwa wepesi wa siku ya kwanza.

Jiwe ninalotumia sasa ni la pili. La kwanza lilihamia Tanga ndani ya mkoba wa mama mkwe, aliyerudi kutusalimu, akakata kachumbari bila kusema neno, kisha akauliza linauzwa wapi. Nilipokwenda dukani kununua jingine nilikuwa nimeshajua la kutazama: niliomba mawe matatu, nikayalaza mawili mawili uso kwa uso juu ya kaunta na kuyabonyeza pembeni, na lile lililotikisika, dalili kwamba uso wake haujanyooka, nikamrudishia muuzaji.